Midomo baada ya sindano ya fila: mwongozo wa saa ya kwanza hadi wiki ya pili

Ukitoka kliniki kuchomwa fila, ile jeli ya kujaza midomo, midomo itakuwa imevimba, ina ganzi, na pengine upande mmoja umezidi mwingine. Hapo ndipo mikono inapowasha: kubonyeza, kukanda, kupaka hiki na kile, kujipiga picha kila dakika na kumtumia shoga yako atoe hukumu. Tulia. Sehemu kubwa ya kuitunza midomo iliyochomwa fila ni kuiacha. Sehemu ndogo iliyobaki, ambayo ndiyo inayookoa, ni kuijua hatari ukiiona. Hiyo ya pili nitaikalia zaidi, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yameandikwa kwa watu wenye ngozi nyeupe, na mdomo mweusi hauonyeshi hatari kwa rangi ileile.

Fila ninayoizungumzia ni ya asidi ya hayaluroniki, ndiyo inayotumika zaidi kwenye midomo. Juvéderm na Restylane ni za kundi hilo. Ni jeli ambayo mwili huimaliza polepole, kwenye midomo mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi 12. Uzuri wake ni kwamba ikileta matata daktari anaweza kuiyeyusha kwa kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi. Kama ulichochomwa ni silikoni, kimeng'enya hicho hakiigusi. Na kama hujui ulichochomwa ni nini, anza kwa kuuliza, leo hii.

Kabla hujainuka kitini

Omba stika ya boksi la fila, ile yenye jina la bidhaa na namba ya toleo, ubandike kwenye daftari au uipige picha. Andika umechomwa mililita ngapi, tarehe na saa. Chukua namba ya simu inayopokelewa usiku, na uijaribu palepale ukiwa umekaa. Kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: hayaluronidesi ipo hapa, leo, kwenye friji yenu? Kwa maoni yangu, asiye nayo hana ruhusa ya kugusa mdomo wa mtu.

Wanaozunguka majumbani na mkoba wa sindano wana tatizo lao jingine. Jeli nyingi za aina hii hazitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, na gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari linapita hapo mbali sana. Tena ukipata shida saa nane ya usiku, mkoba ule hauna mlango wa kugonga.

Wanaokwenda kuchomwa Dubai au Uturuki wasipande ndege siku hiyohiyo. Saa 48 ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukushauri. Wiki ni bora zaidi, si kwa sababu ya ndege yenyewe bali kwa sababu tatizo likitokea unataka kuwa mji mmoja na aliyekuchoma.

Saa sita za kwanza

Fila nyingi za midomo zimechanganywa na lignokaini, dawa ya ganzi, na kabla yake huenda ulipakwa krimu ya ganzi. Ganzi hiyo huisha taratibu. Ukichomwa ile ya kuziba neva kama kwa daktari wa meno, inaweza kuchukua saa tatu au nne. Mpaka ikuishe usinywe chai ya moto wala usitafune kitu kigumu, maana utajiunguza au utajing'ata usijue. Maji ya kawaida yanatosha, yanywe kwa kikombe. Mrija uache, kwa siku mbili hivi, kwa kuwa kufyonza kunaikunja midomo na kuibana.

Barafu ifunge kwenye kitambaa safi, iweke dakika kumi, itoe, ipumzishe, rudia baada ya muda. Usiigandishe moja kwa moja kwenye ngozi yenye ganzi, inaweza kuunguza kwa baridi. Na kabla ya kila barafu, fanya jaribio la kidole nitakalolieleza sasa hivi, kwa sababu baridi yenyewe huichelewesha damu kurudi, ukilifanya baada ya barafu utajitia hofu ya bure.

Mdomo unaokosa damu

Midomo inalishwa na ateri mbili ndogo kila upande wa uso, moja juu na moja chini, zote matawi ya ateri ya uso. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, au ikaubana kwa nje, nyama inayotegemea mshipa huo inaanza kukosa hewa. Si jambo la kila siku, ni nadra. Lakini ndilo linaloacha kidonda na kovu, na lina dawa ikiwahi. Mara nyingi mchomaji mwenyewe huliona sindano ikiwa bado mkononi. Wakati mwingine dalili huchelewa saa kadhaa na kukukuta umeshafika nyumbani, tena lignokaini imeyaficha maumivu.

Cha kutazama ni hiki. Maumivu ya kawaida ya fila hushuka kadiri saa zinavyokwenda. Ya mshipa ulioziba hupanda, hasa ganzi ikiisha. Sehemu iliyokosa damu hupauka. Kwa mtu mweupe inakuwa nyeupe kabisa, na ndivyo picha nyingi za mitandaoni zinavyoonyesha. Kwa mdomo wa kahawia au mweusi huioni hivyo: unaona ukijivu, rangi ya majivu, au kipande kimefifia tu kuliko jirani yake. Baadaye inaweza kuja michoro ya zambarau iliyofungamana kama wavu, ngozi ikawa ya baridi ukiigusa. Na usitazame mdomo peke yake. Kwa kuwa mishipa hii inaungana na mingine, ishara inaweza kutokea chini ya pua, kwenye ncha ya pua au kidevuni, mahali ambapo sindano haikufika kabisa.

Jaribio la kidole linafanywa hivi. Nawa mikono. Simama karibu na dirisha au chini ya taa nyeupe, si taa ya njano ya sebuleni. Kunjua mdomo nje uone upande wa ndani, ule wenye unyevu, ambao kwa wengi wetu ni wa waridi au una weusi mdogo kuliko nje. Bonyeza kwa kidole sekunde tano, achia, hesabu. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Fanya kulia, kushoto, juu, chini. Sehemu moja ikipita sekunde tatu, au ikawa inajikokota wazi kuliko wenzake, hiyo ni simu ya kupiga sasa.

Vilio la damu, yaani ule wekundu au weusi wa damu iliyovuja chini ya ngozi, huwatisha watu wengi bila sababu. Vilio lina rangi iliyokolea, halipauki ukilibonyeza, maumivu yake ni ya kawaida, na siku zinavyokwenda linageuka kijani kisha njano hadi liishe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Kwenye ngozi nyeusi utaliona kama doa jeusi tu. Ukishindwa kutofautisha, piga simu vilevile. Hakuna mtaalamu mwenye akili anayekasirika kwa swali hilo.

Ukihisi mshipa umeziba, usiweke barafu tena. Weka kitambaa cha uvuguvugu ukiwa njiani. Usisubiri kukuche. Hayaluronidesi hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa chache, na huenda ikahitajika kurudiwa zaidi ya mara moja. Kama kliniki haipokei simu, nenda hospitali kubwa yenye kitengo cha dharura na useme maneno haya bila kuzungukazunguka: nimechomwa fila ya asidi ya hayaluroniki mdomoni saa fulani, nadhani mshipa umeziba, nahitaji hayaluronidesi. Beba ile stika. Wengi huficha kwa aibu, wakasema wameng'atwa na mdudu, na daktari akawapa dawa ya aleji wakati nyama inakufa. Kama umewahi kuvimba vibaya kwa kuumwa na nyuki, mwambie daktari, kwa kuwa sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Taarifa hiyo inamsaidia kujipanga, si sababu ya wewe kubaki nyumbani.

Kuona ukungu au kupoteza uoni, jicho kuuma ghafla, uso kulegea upande mmoja, ulimi kuvimba, pumzi kubana, vipele vya kuwasha mwili mzima: hapo hata simu ya kliniki usipige kwanza. Hospitali.

Usiku wa kwanza na asubuhi yake

Lala chali, kichwa juu ya mito miwili. Asiyeweza kulala chali aweke mto kila upande umzuie kugeuka. Asubuhi utaamka midomo ikiwa mikubwa kuliko ulivyolala nayo, na hapo ndipo wengine hulia. Maji ya mwili hujikusanya usoni ukilala; kufikia mchana yatakuwa yameshuka kidogo.

Uvimbe hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Wengi huchomwa mililita moja au chini yake, na mililita moja ni moja ya tano ya kijiko cha chai. Kwa hiyo unachokiona kwenye kioo siku ya pili si fila, ni maji na hasira ya ngozi iliyotobolewa. Upande mmoja kuvimba zaidi ni kawaida kabisa, sindano huwa hazigusi mishipa midogo ileile kila upande. Usipige simu kuomba uongezewe ule mdogo.

Jikoni, jasho na moshi

Joto hufungua mishipa na kuongeza uvimbe. Kwa siku mbili za mwanzo, mtu mwingine ageuze mishikaki. Kuinamia jiko la mkaa, kufunua sufuria ya wali na kupokea mvuke usoni, kusimama juani saa saba mchana, sauna, mazoezi ya kukimbia, vyote vingoje saa 48. Kujifukiza kwa majani ya mwarobaini au mchaichai nako kusimame, hata kama mafua yamekubana. Kwa jambo hili nakuomba ungoje wiki nzima, maana mvuke ule unaingia usoni moja kwa moja na blanketi juu.

Pilipili inachoma kwenye vitundu vya sindano na kukufanya ulambe midomo kila saa, iache siku mbili. Pombe huongeza kuvilia kwa damu, saa 24 kabla na 24 baada ni busara. Sigara na shisha ni mbaya mara mbili: unafyonza, na nikotini inabana mishipa ambayo tunataka ipitishe damu vizuri. Chakula laini chenye uvuguvugu, uji, ndizi, viazi vilivyopondwa, kinakutosha siku ya kwanza. Muwa, mahindi ya kuchoma, miguu ya kuku na maembe ya kung'ang'ania na meno yasubiri.

Anayefunga Ramadhani ajipangie kuchomwa kabla ya mwezi au baada ya Idi. Si lazima, lakini midomo iliyochomwa ikikauka mchana kutwa hupasuka, na mpasuko ni mlango wa vijidudu. Kama imeshatokea, kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku. Anayevaa nikabu au barakoa aifunge kwa kulegeza siku mbili tatu na abadilishe kila siku, kwa sababu kitambaa kinachokwaruza na kushika mate ni kero mara mbili.

Dawa

Kwa maumivu tumia parasetamoli. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha kuvilia kwa damu, ziepuke siku chache. Lakini kama asprini au wafarini uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au damu kuganda, usiiache hata siku moja kwa sababu ya midomo. Heri vilio kuliko kiharusi. Vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini E na tangawizi ya kunywa kikombe baada ya kikombe huingia kwenye kundi la kuongeza vilio, vipunguze.

Antibayotiki usijinunulie. Duka la dawa la mtaani litakuuzia amoksilini bila kukuuliza lolote, na haisaidii uvimbe wa kawaida hata kidogo.

Kama huwa unatoka malengelenge ya homa mdomoni, yale mapovu madogo yanayojikusanya pembeni na kuwaka moto, unabeba kirusi cha herpesi na sindano inaweza kukiamsha. Jambo hili lilipaswa kusemwa kabla, ili upewe asikloviri au dawa ya jamii yake mapema. Ulisahau? Mara tu uhisi mwasho au kuchoma kusiko kwa kawaida, mpigie mchomaji siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hizi hufanya kazi zikianzwa mapema. Usimbusu mtu, mtoto mchanga hasa, mpaka vidonda vikauke. Hata asiye na herpesi aache kubusu kwa siku mbili.

Vipodozi na usafi

Hakuna lipstiki kwa saa 24. Baada ya hapo, tumia mpya au ile ambayo ni yako peke yako; ya kuazimana saluni ni njia rahisi ya kupeleka vijidudu kwenye vitundu ambavyo bado havijafunga. Vaselini safi, ikichotwa kwa kijiti na si kwa kidole kilichotoka kushika simu, inatosha kuzuia ukavu. Usisugue midomo kwa sukari na asali, usitoe manyoya ya juu ya mdomo kwa uzi wala nta, mpaka wiki mbili zipite.

Ngozi yetu ina kawaida ya kuacha weusi mahali ilipoumizwa. Vitundu vya sindano pembezoni mwa mdomo vinaweza kuacha madoa kama ukiviacha vipigwe na jua au ukibandua gamba. Mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, kuanzia siku ya pili, yana faida kuliko krimu za kung'arisha utakazouziwa baadaye kuyaondoa madoa hayo.

Mswaki uwe laini, na maji ya kusukutua yasiwe na spiriti.

Siku ya tatu mpaka ya saba

Kila kitu kiwe kinashuka. Ukiona kinapanda, sehemu imekuwa ya moto, ngumu, inapwita, usaha unatoka au homa imekuja, hayo ni maambukizi na yanahitaji daktari kukuona kwa macho. Usikamue.

Kwa ulimi utahisi vijidonge ndani ya mdomo. Vingi ni uvimbe na jeli ambayo bado haijatulia, vitalainika vyenyewe. Hapa watu hupotoka kwa kufuata video za kukanda. Kukanda kwa nguvu katika siku za mwanzo kunaweza kuisukuma jeli mahali isipotakiwa, hasa juu ya mstari wa mdomo, ukapata ule uvimbe mdogo unaoonekana kama umejaza hewa chini ya pua. Kanda tu kama aliyekuchoma amekuelekeza, na alikuonyesha kwa mkono wake ni wapi na kwa nguvu gani.

Wiki ya pili na baadaye

Umbo halisi linaonekana baada ya wiki mbili hivi. Hapo ndipo urudi kukaguliwa, na hapo ndipo mazungumzo ya kuongeza yanaanza kuwa na maana. Kwa hiyo mwenye harusi, send-off au picha za pasipoti ahesabu kurudi nyuma: wiki nne kabla ya shughuli ni salama, wiki mbili ni kubahatisha, siku tatu ni kuwatisha wakwe.

Kung'oa jino, kusafisha meno hospitalini na chanjo zisizo za haraka zipishane na fila kwa wiki mbili, kabla na baada. Jino lenye usaha ni jambo jingine, hilo litibiwe mara moja, ila mwambie daktari wa meno una fila.

Miezi kadhaa baadaye, midomo inaweza kuvimba ghafla au kutoa kinundu wakati wa mafua makali, maambukizi ya jino au siku chache baada ya chanjo. Kinga ya mwili imechangamka na kuikuta jeli. Mara nyingi hushuka yenyewe, lakini kaonwe, na stika ile uende nayo. Ukipata madhara, bidhaa yenyewe nayo iripotiwe: Tanzania kwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kliniki inaweza kutuma ripoti kwa niaba yako, na hata wewe mgonjwa unaweza kuipeleka.

Jeli ikianza kupungua utakutana na matangazo ya kalamu za kupulizia fila bila sindano, unajifanyia mwenyewe chumbani. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi yake Oktoba 2021, kwa kuwa hakuna anayeweza kudhibiti jeli inaingia kina gani kwa shinikizo lile, na mishipa ni ileile.